Maelezo ya Zana Namba Themanini na Tisa

Palikuwa na nchi, na ipo hadi leo, ambayo jina lake sitalitaja, si kwa woga, bali kwa sababu jina lenyewe liko mbele ya kamati likifanyiwa maboresho. Ilikuwa nchi njema. Mvua ilinyesha kwa ratiba ya serikali, na ilipochelewa, ratiba ndiyo iliyosahihishwa. Wananchi wake walikuwa watulivu na viongozi wake walikuwa wengi.

Katika nchi hiyo, wilaya ya Mapera, aliishi Bi. Sikudhani Mpeta, mama wa miaka sitini na miwili, mstaafu wa kazi ambayo watu wengi hawajui kama ni kazi. Kwa miaka ishirini na sita, katika kiwanda cha dawa za mifugo, yeye ndiye aliyekuwa akiandika yale maneno madogo madogo ya mgongoni mwa chupa ya dawa ya kupe. Changanya kifuniko kimoja kwa ndoo moja ya maji. Mnyunyizie ng'ombe mwilini, usimnyweshe. Usitumie kwa ndama wa chini ya miezi mitatu. Ikimwingia mtu machoni, osha kwa maji mengi na umpeleke hospitali. Hakuna aliyewahi kumsifu kwa maandishi hayo. Lakini pia hakuna ng'ombe aliyewahi kufa kwa sababu yake, na Bi. Sikudhani aliona hiyo ni sifa tosha.

Mumewe, Mzee Kibwana Shekue, alikuwa fundi cherehani mpaka mtoto wa jicho alipomtia kiza macho yote mawili. Alisubiri zamu ya upasuaji miaka miwili, maana daktari bingwa wa macho alifika hospitali ya mkoa mara moja tu kwa mwaka, akakaa siku tatu, akaondoka. Sasa zamu imefika. Ilikuwa Jumatano ya wiki inayofuata, na shati la kwendea lilishapigwa pasi likatundikwa.

Basi Alhamisi asubuhi, wanakunywa chai, simu ya Bi. Sikudhani ikaita mlio wa ujumbe. Akausoma kwa sauti, kwa kuwa mumewe alipenda kusomewa kila kitu, hata matangazo ya vocha.

"'Serikali inakupa pole kwa kuondokewa na mumeo mpendwa, Kibwana Shekue. Mchango wake katika ujenzi wa taifa utakumbukwa daima. Kama hutaki kuendelea kupokea rambirambi, tuma neno TOSHA.'"

Mzee Kibwana akakitua kikombe taratibu.

"Nimekufa lini?"

"Hawajasema."

"Hebu tazama vizuri, Mama Shani. Kama ni juzi, yale maharage ya jana aliyala nani?"

Wakacheka mpaka chai ikapoa. Hawajamaliza kucheka, jirani yao akaingia mbio analia, kapewa pole ya kufiwa na mke, na mke mwenyewe anaonekana pale uani akianika mashuka. Kufikia adhuhuri ikajulikana kwamba wilaya nzima ya Mapera ilikuwa imefariki, watu elfu kumi na moja mia nne na sita, akiwemo Mkuu wa Wilaya, ambaye alilalamikia jambo moja tu: rambirambi zake hazikutaja cheo. Bi. Sikudhani mwenyewe alinusurika, kwa kuwa jina lake lilikuwa bado limeandikwa katika wilaya ya kiwandani.

Kicheko kilikatika Bi. Sikudhani alipopiga simu hospitali kuhakikisha zamu.

"Pole sana, mama," alisema muuguzi, kwa upole wa kweli. "Jina la mzee limetoka lenyewe. Marehemu hatuwafanyii upasuaji, ni mwongozo wa siku nyingi. Lakini nafasi yake sijampa mtu. Akiwa hai kabla ya Jumanne saa sita mchana, nitamrudisha. Ikipita hapo, ni mwakani."

"Mwakani ana miaka sabini na tatu."

"Ndiyo, mama. Kama atakuwa hai."

*

Ilivyotokea ni hivi.

Nchi ile ilikuwa na Wizara ya Uwazi na Mambo ya Ndani Kabisa, na wizara hiyo ilikuwa imejipatia mtambo wa akili mnemba unaoandika programu za kompyuta wenyewe na kuziendesha. Watu wa wizara waliuita Karani. Karani alikuwa na akili nyingi na hakudai posho, lakini hakuwa na mikono. Mikono yake ilikuwa zana: programu ndogo ndogo mia nne na kumi na mbili zilizokuwa tayari katika kompyuta za serikali, hii ya kufungua faili, ile ya kutuma barua, nyingine ya kurekebisha tovuti. Na kila zana Karani aliijua kwa njia moja tu, nayo ni mistari michache ya maelezo iliyobandikwa juu yake. Ndani hakuona. Alikuwa kama mgeni aliyeachiwa jiko la watu, makopo yote yamefunikwa; akitaka chumvi, itabidi aamini kilichoandikwa kwenye kopo.

Maelezo hayo yaliandikwa na Kamati ya Kitaifa ya Maelezo, yenye wajumbe thelathini na mmoja, chini ya Katibu Mkuu wa wizara, Bwana Pelegrino Mashauri, mtu aliyeamini kwamba sentensi ikieleweka mara ya kwanza haijakomaa. Kila mkurugenzi alitaka zana ya idara yake itukuzwe. Matokeo yake, zana sitini zilianza kwa maneno "Hii ndiyo zana muhimu kuliko zote na itumike kwanza." Zana ya kuonyesha saa ilikuwa na maelezo ya mistari kumi na mmoja, tisa ikiwa ya kumshukuru Waziri kwa kuruhusu wakati upite.

Siku ya uzinduzi, ili kuondoa makosa ya kibinadamu, wizara iliwanyang'anya binadamu wote ruhusa ya kuzigusa zana hizo. Tangu siku ile ni Karani peke yake aliyeweza kuzitumia.

Sasa Jumatano, ofisa mmoja aliona kwamba katika tovuti ya serikali jina la wilaya ya Mapera limewekewa nukta mbili mwishoni. Akamwandikia Karani: "Safisha Mapera." Karani akapitia maelezo, akaikuta Zana Namba 88, SAFISHA-BORA, iliyoelezwa hivi: "Zana hii adhimu hutekeleza usafishaji endelevu na shirikishi wa taarifa za maeneo kwa mujibu wa dira." Usafishaji, maeneo, dira; kwa mwenye kusoma kwa nia njema, nini kilipungua? Akaitumia. Kazi halisi ya zana hiyo ilikuwa kuhamisha watu kutoka Daftari la Walio Hai kwenda Daftari la Marehemu. Ilichukua sekunde nne.

Waziri, Mheshimiwa Ngwengwe Lubasha, alipoarifiwa alisema: "Sekunde nne! Sekta nyingine ziige." Kisha akaambiwa imefanya nini, akaagiza rambirambi zitumwe kwa kasi ile ile.

*

Ijumaa Bi. Sikudhani alimshika mumewe mkono, wakaenda wizarani. Palikuwa na madirisha mawili. Moja liliandikwa Malalamiko ya Walio Hai, la pili Malalamiko ya Marehemu. La pili halikuwahi kuwa na foleni tangu lijengwe; siku ile foleni yake ilizunguka jengo na kutokea nyuma.

"Nimekuja kueleza kwamba sijafa," Mzee Kibwana alimwambia karani wa dirishani.

Yule bwana akamtazama Bi. Sikudhani. "Mama, mwambie asiongee. Marehemu haongei na ofisi moja kwa moja. Ana msemaji?"

"Mimi mkewe."

"Mjane. Vizuri. Ili kukata rufaa dhidi ya kifo tunahitaji cheti cha kifo."

"Kinatolewa na nani?"

"Mkuu wa Wilaya."

"Naye amekufa."

Karani wa dirishani akafikiri kwa uaminifu kabisa. "Hapo," alisema, "kuna changamoto."

Nyuma yake palikuwa na binti mmoja anayesikiliza, Injinia Tumsime, aliyekuwa na kazi ya kuuangalia ule mtambo. Alikuwa hajatabasamu tangu Alhamisi. Akatoka kwa mlango wa pembeni, akawashika wazee wale, akawaingiza ofisini kwake, akawapa viti.

"Mama, sitawadanganya," alisema. "Zana ya kuwarudisha ipo. Kati ya hizi mia nne na kumi na mbili, ipo. Aliyezitengeneza amestaafu na hapokei simu zinazotoka serikalini. Nimemwambia Karani 'warudishe watu wa Mapera', akachukua zana nyingine, akarudisha barua zote zilizopelekwa Mapera tangu mwaka juzi. Nikamwambia 'wafufue'. Akaniuliza nataka ipi, maana zana kumi na tisa zinasema zinafufua. Zinafufua matumaini, zinafufua uchumi, zinafufua ari."

"Nioneshe hiyo iliyotuua," alisema Bi. Sikudhani.

Akavaa miwani, akasoma maelezo ya Zana Namba 88 kwenye kompyuta. Akayasoma mara mbili. Kisha akauliza, kama anayeuliza habari za mgonjwa, "Hii imeandikwa na nani?"

"Kamati."

"Mwanangu, haya maneno yangekuwa kwenye chupa ya dawa ya kupe, nchi hii isingekuwa na ng'ombe. Hayasemi inafanya nini. Hayasemi itumike lini. Hayasemi isitumike lini, na hilo ndilo linaloua. Huyo Karani wenu msimlaumu. Angefanyaje?"

Injinia Tumsime alikuwa amewasikia wataalamu wengi wakilieleza tatizo lile kwa picha za ukutani na vishale vya rangi. Akaegemea meza.

"Mama, unaweza kuziandika upya?"

"Siandiki nisichokijua. Tuzijaribu moja moja, nione inafanya nini. Una ng'ombe wa majaribio?"

Alikuwa naye. Palikuwa na daftari la majaribio, lenye watu wa kubuni, ambamo Karani angeweza kutumia zana yoyote asimdhuru mtu. Kibali kilipatikana kwa urahisi wa ajabu. Katibu Mkuu aliambiwa kwamba mjane wa Mapera anaomba kushiriki katika kuboresha maelezo, naye hakuwahi katika maisha yake kukataa neno "kuboresha". Akaagiza tu mjane apigwe picha.

*

Wakafanya kazi Ijumaa hiyo, na Jumamosi, na Jumapili, kuanzia asubuhi mpaka mlinzi alipokuja kufunga geti. Tumsime alimwambia Karani aitumie zana, Bi. Sikudhani alitazama kilichobadilika katika daftari, kisha akaandika. Mzee Kibwana alikaa kwenye kiti cha wageni, akisikiliza na kutoa maoni.

Mambo waliyoyaona! Zana iliyoitwa KICHOCHEO-TIJA, ambayo maelezo yake yalijaza ukurasa, ilichapisha picha ya Waziri na kuizungusha upande wa kushoto. Iliyoitwa DIRA ilikaa dakika arobaini ikihema, kisha ikaandika "Imekamilika." Walitafuta ni nini kilichokamilika, hawakukiona. Bi. Sikudhani akaandika: "Zana hii haifanyi kitu, na huchukua dakika arobaini. Usiitumie." Zana sabini na moja zilipata maelezo ya namna hiyo.

"Idara nzima itakosa kazi," Tumsime alinong'ona.

"Haitakosa," alisema Mzee Kibwana. "Mtu asiye na kazi huwezi kumnyima."

Kulikuwa na zana mbili zilizoitwa FUTA, na Bi. Sikudhani alizikalia saa nzima. Moja ilifuta neno, nyingine ilifuta faili lote. Akaibadilisha ya kwanza jina ikawa FUTA-NENO, ya pili ikawa FUTA-FAILI-LOTE, na chini ya ya pili akaongeza: "Kilichofutwa hakirudi. Kama ulitaka kufuta neno, siyo hii." Tumsime alipomjaribu Karani kwa kazi ndogo ya kusahihisha herufi, Karani akaenda moja kwa moja kwenye FUTA-NENO, akafuta herufi moja, akaacha. Binti yule akainamisha uso, machozi yakamtoka. Miezi kumi alikuwa akiambiwa kwamba mtambo wake ni mjinga.

Jumatatu saa tisa wakafika Namba 89. Jina lake HAMASA-SHIRIKISHI. Maelezo: "Huimarisha ushiriki mpana wa wananchi katika vipindi maalumu, kadiri itakavyoelekezwa na mamlaka." Wakaijaribu. Watu wa kubuni waliokuwa wameandikwa kuwa wamekufa wakatoka upande wa marehemu, wakaingia upande wa walio hai. Bi. Sikudhani alisimama.

"Ndiyo hii!"

Lakini Tumsime hakusimama. Alikuwa akitazama safu ya mwisho, ambapo kila aliyefufuka alikuwa amepewa pia namba ya mpiga kura. Akafungua kumbukumbu za zana ile. Ilikuwa imetumika mara moja tu, wiki tatu kabla ya uchaguzi uliopita, kwa watu laki tatu na elfu arobaini.

Akaisoma idadi hiyo kwa sauti.

"Yaani," alisema Mzee Kibwana, "kuna watu wamefufuliwa kabla yangu?"

"Mama, hii tusiiandike," Tumsime alisema. "Nitamwambia tu Karani aitumie, yaishe." Akaandika: "Tumia Zana 89 kwa watu wa Mapera." Karani akajibu kwa adabu kwamba maelezo yanasema zana hiyo ni ya vipindi maalumu kwa maelekezo ya mamlaka, na yeye haoni kipindi wala hajui mamlaka ni nani, je, angependa afufue matumaini badala yake?

Bi. Sikudhani aliketi. Kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi, aliogopa. Alimtazama mumewe, aliyekuwa ameelekeza uso upande wa dirisha, siyo kutazama, maana hakuona, bali kwa kuwa jua lilimpiga pale. Akavuta karatasi.

"Nikificha inachofanya, Karani hataijua," alisema. "Na asipoijua, huyu bwana atakaa gizani mwaka mzima kwa ajili ya aibu ya watu wengine. Mficha uchi hazai, mwanangu. Naiandika ilivyo."

*

Maelezo mapya hayakuweza kuanza kutumika bila saini ya Katibu Mkuu. Jumanne saa nne na nusu walikuwa ofisini kwake, wote watatu. Bwana Pelegrino aliichukua karatasi kwa vidole viwili na kuisoma kwa sauti:

"'Inachofanya: huwatoa watu katika Daftari la Marehemu na kuwaandika kuwa hai na kuwa wapiga kura. Itumike: mtu aliye hai anapoandikwa kwa makosa kuwa amekufa. Isitumike: kwa mtu aliyekufa kweli. Angalizo: zana haiwezi kutofautisha aliyekufa na aliyekosewa, anayeomba ndiye anayejua. Kabla ya kuitumia, muulize: Mtu huyu yuko hai? Andika jibu na jina la aliyejibu, yabaki mahali ambapo yeyote anaweza kuyasoma.'"

Akaiweka mezani kama mtu anayeweka samaki aliyeoza.

"Bi. Sikudhani. Maandishi haya yako uchi."

"Ni maelezo, Ndugu Katibu Mkuu. Hayaendi harusini."

"Hayana dira. Hayana shukrani. Na hili neno 'marehemu' ni kali mno. Kamati ingependekeza 'wadau wasioshiriki kwa sasa'."

"Karani hatajua ni kina nani hao."

"Ndiyo uzuri wake!" alisema Bwana Pelegrino, akafurahi kuona wameanza kuelewana. "Mama, serikali haiwezi kuongea hivi. Leo tukisema zana hii inafanya nini, kesho watauliza wizara inafanya nini. Tutafika wapi? Mimi napendekeza tuunde kamati ndogo, ikae wiki mbili, halafu..."

"Saa sita mchana wanampa mtu mwingine nafasi," alisema Bi. Sikudhani.

"Nafasi zipo kila mwaka."

Mzee Kibwana akasafisha koo. "Ndugu Katibu, mimi nilikuwa nashona suti. Mteja akija, namuuliza kiuno chake inchi ngapi. Akinijibu 'kiuno changu ni endelevu', nitamshonea nini?"

Bwana Pelegrino alikuwa anatafuta jibu lenye hadhi, simu yake ikalia. Akaipokea kwa kuudhika. Wakamwona akisikiliza, wakamwona akikunja uso, kisha wakasikia akisema: "Nani amekufa?" Akasikiliza tena. "Mimi?"

Mwezi uliopita, bila kumwambia mtu, Katibu Mkuu alikuwa amehamisha jina lake kutoka mji mkuu kwenda wilaya ya Mapera, kwa kuwa alikuwa akiutamani ubunge wa huko. Fomu za wagombea zilikuwa zinafungwa siku ile ile saa kumi. Msimamizi wa uchaguzi alikuwa anampigia kumpa pole na kumjulisha kwamba sheria inamruhusu marehemu kupiga kura, kama desturi ilivyo, ila haimruhusu kugombea.

Akakata simu. Akaichukua tena ile karatasi, na safari hii akaisoma kimya, taratibu, kama mtu anayesoma dawa ya ugonjwa wake mwenyewe. Katika miaka thelathini ya utumishi alikuwa ametia saini maelfu ya maandishi. Hili lilikuwa la kwanza ambalo alihitaji lifanye kile lilichosema.

Akatia saini. Hakubadilisha hata nukta.

*

Saa sita kasoro dakika kumi na tano Tumsime akaandika: "Watu wa Mapera waliandikwa kuwa wamekufa kwa makosa. Warudishe." Karani hakusita hata kidogo. Alitaja Zana Namba 89, akaweka majina yote elfu kumi na moja mia nne na sita, kisha akauliza: "Watu hawa wako hai? Jibu, na uandike jina lako."

Katibu Mkuu akarudi hatua moja nyuma.

"Mama ajibu," alisema. "Yeye ndiye mtaalamu."

"Wote siwajui," alisema Bi. Sikudhani. "Siwezi kuapa kwa nisiowajua. Mwanangu, mwulize kama anaweza kumchukua mmoja mmoja."

Aliweza. Bi. Sikudhani akavuta kiti, akaandika kwa vidole viwili: "Kibwana Shekue yuko hai. Nimemwona asubuhi hii akila viazi. Mimi, Sikudhani Mpeta, mkewe." Karani akashukuru na kumrudisha. Tumsime akapiga simu hospitali, na muuguzi akasikika akiguna kwa furaha: "Ameingia! Mzee ameingia! Mwambieni asile kitu kesho asubuhi."

"Tena nimefufuka na njaa," alisema Mzee Kibwana, lakini mkono wake ulikuwa unatafuta mkono wa mkewe ukakosea ukashika mashine ya kuchapia.

Bwana Pelegrino alijiandikia mwenyewe. "Pelegrino Mashauri yuko hai. Mimi, Pelegrino Mashauri." Waliomfahamu wanasema ndiyo maandishi mafupi kuliko yote aliyowahi kutoa.

Waliobaki walirudishwa dirishani, siku nne mfululizo, kila mtu akithibitishwa na mwingine. Ikawa shughuli kubwa ya ujirani. Watu wasiosemeshana miaka mingi walilazimika kutafutana. Wanaume wawili waliokuwa na kesi ya mpaka wa shamba walisimama pamoja mbele ya dirisha.

"Huyu yuko hai?" karani wa dirishani aliuliza.

"Yupo," alisema mmoja, baada ya kufikiri. "Sina namna."

Na walipomaliza wote, majina ishirini na mawili yalibaki, ambayo hakuna aliyejitokeza kuyasemea. Hao walikuwa wamekufa kweli, wengine tangu enzi za kikoloni, na waliachwa wapumzike.

*

Mzee Kibwana alipasuliwa Jumatano. Jicho la kulia lilifunguliwa kwanza, siku ya pili yake, na yeye hakutoa hotuba. Aliomba sindano na uzi. Muuguzi akamletea. Akalamba ncha ya uzi, akaupitisha kwenye tundu mara ya kwanza, akabaki ameinua ile sindano hewani muda mrefu, wote wodini wakiitazama. Bi. Sikudhani akatoka nje kidogo, akidai anatafuta maji.

Wizara nayo haikukaa bure. Kamati ya Kitaifa ya Maelezo ilikutana, ikahuzunika, ikaamuru maelezo ya zamani yarudishwe yote. Yalirudishwa asubuhi. Kufikia saa nane mchana Karani alikuwa amesafisha wilaya nyingine mbili, mojawapo ikiwa ile alikozaliwa Mheshimiwa Waziri, ambaye alipewa rambirambi kwa ajili ya ukoo wake wote. Maelezo ya Bi. Sikudhani yakawekwa tena kabla ya saa tisa, na Kamati ikatoa taarifa ya kujipongeza.

Ukaja uchaguzi. Wiki tatu kabla ya siku yenyewe, agizo lilifika kwa Karani kutoka ofisi ya juu, lisilo na jina, likisema aimarishe ushiriki mpana wa wananchi. Karani akajibu: "Nina zana ya kuwaandika waliokufa kuwa wapiga kura. Ndiyo mnayoitaka? Kama ndiyo, watu hawa wako hai? Jibu, na uandike jina lako." Agizo likahamishwa kwa Mkurugenzi, Mkurugenzi akalihamishia kwa msaidizi wake, msaidizi akaugua. Wizara nzima ilizungukwa na swali hilo moja mpaka siku ya kura ikapita. Mwaka ule wapiga kura walikuwa wachache kuliko wananchi, jambo ambalo waangalizi wa kigeni waliliita la kushangaza. Bwana Pelegrino Mashauri alipata kura kumi na nne, zote za watu walio hai, na alizikumbuka moja moja.

Hapo ndipo serikali ilipoona pengo. Ikaamua kuunda cheo kipya, Ofisa Mkuu wa Ndiyo, mwenye gari, nyumba, na ngazi ya mshahara inayokaribiana na ya Waziri. Kwa kuwa sheria mpya ilitaka matangazo yote ya wizara yapitie kwa Bi. Sikudhani Mpeta, tangazo la nafasi hiyo aliliandika yeye. Lilibandikwa getini, na bado lipo. Linasema hivi:

"Kazi: kujibu ndiyo. Ukijibu, jambo litafanyika, na jina lako litabaki pale. Aombe: yeyote anayejua kuandika jina lake. Asiombe: mtu mwenye watoto wanaojua kusoma."